Mlangilangi Katika Nyumba ya Eda

Tahiya alikuwa ameinama kwenye bomba la nyuma ya kiwanda, akijisugua mikono kwa nusu ya limau na majivu ya jikoni. Alianzia vidoleni, akapanda mpaka juu ya kiwiko, akasuuza, akanusa, akaanza tena. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuwasha. Ushungi wake mweupe ulikuwa juu ya ukuta mfupi, ameufunga ndani ya mkoba ili usishike harufu ya mle ndani.

"Utajichuna," alisema Mkadam, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa mtambo. Alibeba kuni begani. "Mie mke wangu kila siku ananambia, wewe mume gani, unanukia kama bibi harusi!"

Tahiya alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Haitoki, Mzee Mkadam."

"Kwa limau haitoki. Ya nguo hutolewa na jua. Ya nywele sasa..." Akaona maneno yanakomfikisha, akazitua kuni. Hakuna mtu pale kiwandani aliyejua namna ya kuzungumza na mjane kijana habari za nywele zake. "Basi fanya haraka, mwanangu, Magharibi haikungoji."

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda kubwa la mabati huko Kidichi, walikokuwa wakikeneka mafuta ya mimea: mchaichai, majani ya mkarafuu, na zaidi ya vyote maua ya mlangilangi. Maua yalichumwa alfajiri, yakamwagwa kwenye chungu kikubwa cha shaba, mvuke ukapita ndani yake, ukapozwa, na mafuta yakatoka tone kwa tone. Tahiya alikuwa mwanafunzi wa kemia, mwaka wa mwisho. Chuo chao kiliwataka wanafunzi wakae kazini mwaka mzima na kurudi darasani Jumamosi tu. Mwisho wa mwaka kila mmoja alipeleka utafiti alioufanya huko kazini. Asiye na utafiti hurudia mwaka, na mkopo wa serikali haulipii mwaka wa kurudia. Kwa mtoto wa mkulima wa mwani wa Makunduchi, maana yake ilikuwa moja: kurudi nyumbani bila shahada.

Utafiti wake ulikuwa wa mlangilangi: mafuta yatokayo mwanzo wa kukeneka, yatokayo katikati, na yatokayo mwisho, yanatofautiana vipi. Aliuanza akiwa mke wa mtu. Mumewe, Mudrik, alipofariki, utafiti ulikuwa umeshafika katikati, na maua yalikuwa yamepungua shambani. Sasa alikuwa anakaa eda katika nyumba ya mumewe, miezi minne na siku kumi bila ya mapambo wala manukato. Ustadhi Makungu aliwaambia kuwa mjane mwenye dharura anaruhusiwa kutoka mchana, madhali usiku analala nyumbani kwake. Mama mkwe, Bi Salhiya, akakubali. Wiki za mwanzo Tahiya alipima majani na kuosha chupa. Kisha maua yakarudi.

&nbsp;

Michenzani, Tahiya alipanda ngazi polepole mpaka ghorofa ya nne. Mlango ulikuwa wazi. Bi Kurwa, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amekaa mkekani na bakuli la mihogo ya nazi mbele yake.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, Bi Kurwa."

"Marahaba," waliitikia pamoja, lakini sauti ya Bi Salhiya ilikatika katikati.

Bi Kurwa aliinua pua juu. Wala hakuficha.

"Eeh! Leo harusi kwa nani?"

"Nnatoka kazini, Bi Kurwa."

"Kazini." Bi Kurwa alilitafuna neno hilo kama lina mchanga. "Sie zetu tulipokaa eda hata sabuni ya kunukia hatukuijua. Mie nlioga majani ya mkunazi mpaka nlipotoka. Siku hizi eda ina ofisi!"

"Hebu acha, Kurwa," alisema Bi Salhiya, lakini alilisema kwa udhaifu, na macho yake hayakumtoka mkwewe.

"Ni maua tunayokeneka, mama," alisema Tahiya. "Yanashika nguo. Nlikwambia tangu mwanzo."

"Ulinambia mafuta ya mimea."

"Ndiyo hayo, mama."

"Mie mafuta ya mimea nlijua dawa. Mafuta ya tumbo, mafuta ya mgongo." Alielekeza kidole bafuni. "Nenda kaoge."

"Nshaoga kule."

"Kaoge tena."

Tahiya alioga kwa maji matupu, akabadilisha nguo nyeupe kwa nguo nyeupe nyingine. Alipotoka, Bi Kurwa alikuwa ameshaondoka na habari yake. Bi Salhiya na mwanawe mwingine, Mahfoudh, kaka wa Mudrik, walikuwa wameshakula. Sahani ya Tahiya ilikuwa jikoni, imefunikwa kawa, juu ya pipa la mchele. Alikula amesimama. Hakuna aliyemwambia ale huko, na hakuna aliyemwita mkekani.

&nbsp;

Tangu siku hiyo sahani ilikaa jikoni. Bi Salhiya hakupayuka, na hakumnyima kitu. Alimwekea kipande kizuri cha samaki kama siku zote. Lakini Tahiya alipoingia sebuleni yeye alikumbuka nguo za kuanua, na Tahiya alipokwenda barazani alikumbuka chai iliyo jikoni. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na bado watu wawili waliweza kukaa ndani yake bila ya kukutana.

Mahfoudh ndiye aliyebeba maneno. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Darajani, na alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kitengenezeke.

"Shemeji, huwezi kuomba kazi ya makaratasi tu? Ukakaa huko ofisini?"

"Ofisi na mtambo vimo banda moja, shemeji. Hata karani ananukia."

"Na kuhamia kwa mama yako, Makunduchi, mpaka umalize?"

Hilo Tahiya alikuwa ameshaliuliza kwa simu. Mama yake alikuwa pwani, maji yamejaa na mwani umeshafungwa, na upepo ulikuwa ukiingia kwenye simu.

"Eda hukai kwangu, mwanangu," alikuwa amemjibu. "Eda ni kwa mumeo. Ukija huku sasa, mama mkwe wako atasema tumekuiba. Vumilia. Wanakutukana?"

"Hawanitukani, mama."

"Basi?"

Tahiya aliipeleka simu sikio la pili. Alitamani awe na tusi moja la kusimulia.

Jumamosi darasani, Mji Mkongwe, wenzake walikuwa wakicheka habari za makazini: mmoja aliyetumwa chai mwaka mzima katika maabara ya maji, mwingine aliyepewa koti lenye jina la mtu mwengine. Tahiya alipoingia na weupe wake walipunguza sauti. Walimwachia kiti cha dirishani na kiti cha pili yake pia. Walifanya kwa heshima. Baada ya kipindi alimfuata mhadhiri wake ukumbini, akamuuliza kama mtu anaweza kubadilisha mada ya utafiti wakati huu.

"Anaweza," alisema mhadhiri huku akitafuta funguo mfukoni. "Lakini mada mpya ni mwanzo mpya. Tarehe ya kuleta kazi haibadiliki. Kwani mlangilangi umekuwaje? Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nlizoziona mwaka huu."

"Haujawa na kitu, mwalimu. Nlikuwa nauliza tu."

&nbsp;

Bi Salhiya hakumdhania Tahiya ubaya wa wazi. Lakini neno la Bi Kurwa lilikuwa limeshateremka ngazi zote, na kila alipokwenda dukani aliulizwa habari za mkwewe kwa upole uliozidi. Asubuhi moja alimwambia Mahfoudh awashe Vespa.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kidichi. Nataka nione kwa macho yangu. Nikishaona, anayetaka kunambia aje anambie."

Alikaa upande nyuma ya mwanawe, buibui amelikusanya mapajani, wakapita Mtoni mpaka njia ya udongo ya Kidichi. Harufu iliwapokea kabla banda halijaonekana. Bi Salhiya alimshika Mahfoudh bega kwa nguvu.

Mkadam alikuwa mlangoni, kifua wazi, masizi mpaka usoni. Alivaa shati haraka.

"Karibu, bibi. Unamtaka nani?"

"Namtaka mkwe wangu, Tahiya." Kisha, kwa kuwa alisimama karibu naye, alimnusa. Mzee wa makamo, ndevu nyeupe, jasho na moshi, na chini yake mlangilangi mtupu. "Na wewe pia?"

"Na mie pia, bibi. Na yule punda pale nje. Msikitini wenzangu hunambia, Mkadam, wewe simama safu ya nyuma."

Mahfoudh alicheka. Bi Salhiya hakucheka, lakini bega lake lilishuka.

Ndani alimwona Tahiya kabla Tahiya hajamwona. Alikuwa amevaa viatu vya mpira na koti la buluu juu ya nguo zake nyeupe, amebeba tenga la maua ya manjano kichwani, shingo imelowa jasho. Alipanda ngazi fupi ya mtambo, akalimwaga ndani ya chungu, akashuka, akabeba jingine. Kijana mmoja, Hamad, mwanafunzi mwenzake, alikuwa upande wa pili na saa mkononi, akiandika. Hawakuzungumza. Kazi ilikuwa kama kazi yoyote ya shamba, isipokuwa ya ndani.

Tahiya alipogeuka na kumwona mama mkwe wake amesimama kwenye mlango, tenga lilimponyoka. Maua yalimwagika sakafuni. Wafanyakazi wote walitazama.

"Shikamoo, mama. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Okota maua yako."

Nadra, mkuu wa maabara na msimamizi wa wanafunzi, alitoka ofisini akiwa na furaha. Wageni wa familia hawakuwa wakija. Alimsalimia Bi Salhiya kwa mikono miwili, akamsifu mkwewe, akasema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye subira kama ile. Kisha alifanya lile alilozoea kumfanyia kila mgeni wa kike: alimtilia mkononi kichupa cha mafuta.

"Mlangilangi, mama. Ya mwanzo kabisa, wenyewe wanaiita ya kwanza. Jipake kidogo tu nyuma ya sikio."

Bi Salhiya alikitazama kile kichupa. Hakukifungua na hakukirudisha.

"Mwanangu amekufa, binti," alisema taratibu. "Nyumbani kwetu mna eda."

Nadra alifunika mdomo. Alijua, Tahiya alikuwa anafanya kazi mbele yake kila siku na ushungi mweupe. Alikuwa amejua na amesahau, kwa wakati mmoja. Alikitwaa kichupa, akaomba radhi mara mbili, akarudi ofisini akiufunga mlango bila ya kelele.

Tahiya alimtolea mama mkwe kiti nje, kivulini mwa paa, na yeye akachuchumaa chini.

"Nimeona," alisema Bi Salhiya. "Nlikuwa sikudhanii, lakini nlikuwa nadhani. Nisamehe."

"Nimesamehe, mama."

"Kurwa nitamjibu mie. Hilo limekwisha." Alikunja ncha ya buibui, akaikunjua. "Lakini kuna jengine, na hili si la Kurwa. Siku ya harusi yenu kikuba chako cha maua nlikisuka mie kwa mkono wangu. Asumini kidogo, rehani kidogo, mlangilangi mwingi, kwa sababu Mudrik alikuwa anaupenda tangu mdogo. Sasa wewe ukifungua mlango jioni, inaingia ile harufu mwanzo, wewe bado uko ngazini. Moyo wangu unakwenda mbio. Nnamngoja na yeye aingie nyuma yako."

Tahiya aliificha mikono yake ndani ya koti.

"Kila siku, mwanangu. Kila siku ya Mungu nnamzika jioni. Sikwambii uache kazi. Wala sikwambii ni haramu, mie sina elimu hiyo. Nakwambia siwezi."

Ndani ya banda Hamad aliita kwamba chungu kimejaa. Tahiya aliinuka, akasita.

"Nenda," alisema Bi Salhiya. "Usiharibu kazi ya watu."

&nbsp;

Jioni ile Mahfoudh alimpigia simu Ustadhi Makungu na kuiweka simu juu ya mkeka ili wote wasikie. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mihogo ya Bi Kurwa, Tahiya alikaa sebuleni, karibu na mlango.

Ustadhi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kutoka kwa dharura hakujabadilika. Kuhusu harufu, aliuliza: kitu chenyewe watu wanakitumia kwa nini? Kinachokusudiwa kujipaka na kunukia, mwenye eda asikishike. Kinachokusudiwa kuliwa au kunywewa, hicho si manukato hata kama kinanukia.

"Mlangilangi watu hawali," alisema Mahfoudh.

"Basi umejijibu."

"Na mchaichai?" aliuliza Tahiya. Sauti ilimtoka kabla hajaipanga. "Tunakeneka na mchaichai pia, Ustadhi."

Upande wa pili ulisikika kicheko kidogo cha pua. "Mchaichai si chai, mwanangu? Mie nnayo kikombeni hapa sasa hivi."

Simu ilipokatwa Mahfoudh alipiga kofi goti lake. "Limekwisha! Shemeji, si afadhali? Unahamia mchaichai, unaendelea na kazi yako."

Tahiya alimtazama. Hakuwa na haki ya kumkasirikia. Mtu anayetengeneza simu anajua kwamba ukitoa kipande kibovu ukatia kizima, simu inawaka. Hakumweleza kwamba miezi yake yote ya chupa na vipimo ilikuwa mlangilangi, na kwamba chupa ya mchaichai hana hata moja.

Bi Salhiya ndiye aliyeuliza.

"Ukibadilisha, utawahi?"

"Sijui, mama."

"Usipowahi?"

"Nitarudia mwaka. Na wa kulipa hayupo."

Bi Salhiya alizitazama tasbihi zake. Alijua kwamba neno moja lake, "endelea", lingetosha. Alilitafuta neno hilo kwa nia safi, Mungu ni shahidi, na hakuliona.

"Njoo ule," alisema mwishowe. "Leo kula hapa."

Walikula watatu kwenye sinia moja. Tahiya alikula kidogo, mkono wake ukipita mbele ya mama mkwe mara kwa mara, na kila ulipopita, Bi Salhiya alizuia pumzi.

Kabla ya kulala Tahiya alikuwa ameshaamua.

&nbsp;

"Kazi ya mlangilangi nusu yake imeshakwisha," alisema Nadra asubuhi. Chupa ndogo za rangi ya kahawia zilikuwa zimepangwa mezani. "Unajua unachokiacha?"

"Nakijua."

"Mimi siwezi kuiacha. Wanunuzi wanayangoja majibu. Hamad ndiye anayekupokea tangu ulipoanza kuondoka mapema, mafuta ya mwisho yote amekinga yeye. Akiimaliza, itakwenda chuoni kwa jina lake. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa wengine."

"Sawa, dada Nadra."

"Na mchaichai nitakusaidia ninapoweza. Lakini mtambo mkubwa ni wa maua. Wewe utapata ule mdogo wa nyuma."

Hamad alikuwa amesimama kando, hajui mikono aiweke wapi. Alikuwa kijana mwema wa Mtoni, na hakuliomba jambo hili.

"Nitakuandika, Tahiya," alisema. "Wallahi nitakuandika."

"Wapi?"

"Kwenye shukrani."

"Haya," alisema Tahiya. "Ahsante."

Alimwonesha chupa moja moja: ipi ya mvua, ipi ya siku ambayo moto ulizimika, ipi asiiamini. Hamad aliandika haraka. Baada ya muda alikuwa akiuliza maswali mazuri, na Tahiya akaona kwamba kazi itakuwa salama mikononi mwake. Hilo liliuma zaidi kuliko kama angekuwa mzembe.

Mtambo mdogo ulikuwa haujatumika tangu zamani. Aliusugua kwa mchanga na maji ya moto, akaupitishia mvuke mtupu, akausuuza tena. Mkadam alimletea bomba jipya la kupozea bila ya kuombwa. Mchana mkokoteni wa punda ulileta majani ya mchaichai kutoka bondeni, mzigo uliofungwa kamba, na Tahiya akakaa chini na mundu na gogo, akaanza kuyakatakata vipande vifupi. Kingo za majani zilikuwa kali. Zilimchana vidole michano myembamba isiyotoka damu.

Hakukuwa na mtu mwingine upande ule wa banda. Harufu ya majani ilipanda mpya, kali, kama jiko la asubuhi katika nyumba ya watu wengi. Alikata, akapima, akatia chunguni, akarudi kukata. Jua lilipofika usawa wa dirisha chungu kilikuwa hakijafika nusu, na mzigo bado ulikuwa mkubwa kuliko yeye.

Mkadam alikuja na kijinga cha moto. "Tuwashe? Tujaribu hicho kidogo ulichotia?"

"Tukiwasha sasa, nitaondoka hakijatoa hata tone."

"Mie ntakaa nikutazamie. Nikuandikie na saa."

Tahiya alifikiri. Upande wa pili wa ukuta Hamad alikuwa akiita saa kwa sauti, kwa ajili yake mwenyewe, kama Tahiya alivyokuwa akifanya.

"Hapana, Mzee Mkadam. Hii nataka kuiona mwenyewe kuanzia mwanzo."

"Basi kesho."

"Kesho, inshallah."

Alilowesha gunia, akayafunika majani yasikauke, akaweka mundu juu yake. Kisha alivaa ushungi wake na kutokea mlango wa nyuma, ule wa punda, ili asipite mbele ya maua.